Kaswende: kipimo cha haraka au RPR?

Mjamzito anayeanza kliniki katika zahanati ya kijijini, tuseme Kongwa au Chamwino, atafaidika zaidi na kipimo cha haraka: tone la damu ya kidole, dakika 15 hadi 20, jibu hilo hapo. Hakihitaji umeme wala jokofu. Akikutwa na maambukizi anachomwa sindano ya penisilini siku hiyohiyo, bila nauli ya kurudi.

RPR, kipimo cha kaswende cha maabara, inafaa maabara kubwa za Dodoma mjini. Damu ya mshipani huzungushwa kwenye mashine itenganishwe, kisha majimaji yake huchanganywa na kitendanishi (dawa ya kupimia) kilichotunzwa kwenye ubaridi. Usumbufu, ndiyo. Lakini kipimo cha haraka husoma kingamwili (askari wa mwili dhidi ya kaswende) ambazo kwa wengi hubaki maisha yote. Aliyetibiwa akapona miaka 5 iliyopita bado ataonyesha mistari miwili, yaani jibu chanya (na ugomvi wa nyumbani huanzia hapo). RPR hutoa kiwango: kikishuka kutoka 1:32 (chanya hata majimaji yakizimuliwa mara 32) hadi 1:8, dawa imefanya kazi. Ila malaria, hata ujauzito wenyewe, huweza kuipotosha, ndiyo maana jibu lake chanya huthibitishwa kwa kipimo cha aina ya kile cha haraka.