Sensa ya dizeli kwa Land Cruiser ya safari na jenereta ya kambi: ipi ununue

Mafundi wa GPS wa Arusha na Moshi huuza "ufuatiliaji wa mafuta" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali bei zao zinapishana sana. Kinachopishanisha si programu utakayofungua kwenye simu. Ni kile kinachogusa dizeli ndani ya tanki, na jinsi kilivyopimwa siku ya kufungwa. Tumeanza na gari, kwa kupanga aina kuanzia ile tungeinunua kwanza. Jenereta tumeiweka mwisho peke yake, kwa sababu kwake mpangilio unageuka.

1. Sensa ya kapasita yenye waya wa RS-485

Hii ni mabomba mawili membamba, moja ndani ya jingine, yanayosimama wima ndani ya tanki. Dizeli ikipanda katikati yake, uwezo wa mabomba hayo kuhifadhi chaji hubadilika, na kichwa cha sensa hugeuza badiliko hilo kuwa namba. Haina boya wala kitu kinachosuguana, kwa hiyo rasta za kutoka geti la Loduare hadi Naabi haziili kama zinavyokula floti (boya la geji ya kawaida). Omnicomm, Technoton na Escort ni majina yanayofahamika, na kosa lao la karatasini ni kama 1%. Hakikisha kifaa chako cha GPS kina mlango wa RS-485 (jozi ya waya inayobeba namba hizo): Teltonika FMB125 inao, FMB920 haina.

Sensa hununuliwa ndefu, ikakatwa. Ya mm 700 hutosha matanki mengi ya Land Cruiser. Ikate ili ncha ibaki kama mm 20 juu ya sakafu ya tanki, kisha safisha chenga za chuma, kwani chenga moja iliyonasa kati ya mabomba inatosha kuvuruga kila kitu. Baada ya kukata, sensa lazima ifundishwe upya "tupu" na "imejaa" kwa kutumbukizwa kwenye dizeli ileile utakayotumia. Hatua hii huchukua dakika chache tu, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Iweke katikati ya tanki, si kwenye kona iliyo rahisi kufikika. Sensa ya kona ya nyuma itakuonyesha gari limejazwa mafuta kila linapopanda mlima baada ya Mto wa Mbu, kwa sababu dizeli yote imekimbilia nyuma.

Tanki lishushwe chini kabla ya kutobolewa. Tanki tupu ndilo la hatari, maana limejaa mvuke. Lioshwe kwanza, na, hasa kwa gari la petroli, usiruhusu cheche yoyote karibu. Paka grisi nene kwenye msumeno wa tundu ili unase chenga. Umeme uchukuliwe moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 2, na ethi ya sensa na ya GPS zifungwe sehemu moja. Ukifunga moja kwenye chesisi na nyingine kwenye bodi, utapata namba zinazocheza bila sababu. Waya upite mbali na waya wa redio ya mawasiliano.

Kwa gari la matanki mawili, sensa zote mbili hukaa kwenye jozi moja ya waya. Zikitoka kiwandani mara nyingi zina anwani ileile, 1. Usipobadilisha moja iwe 2, zitajibu kwa pamoja na hutapata chochote cha maana. Fundi asiyejua hili atakuambia sensa ni mbovu.

Adui wa aina hii ni maji. Kipimo cha jinsi kimiminika kinavyosaidia kuhifadhi chaji ni kama 2 kwa dizeli na kama 80 kwa maji, kwa hiyo maji kidogo chini ya tanki huweza kupandisha namba ghafla kama vile mmejaza. Toa maji kwenye tanki kwanza, ndipo ulaumu sensa.

2. Kapasita ya Bluetooth

Mabomba ni yaleyale, ila namba husafiri bila waya na kichwa kina betri yake. Inafaa kwa gari la kukodi, au tanki la pili lililofichwa mahali pagumu kupitisha waya. FMB920 inaweza kuisoma, na hilo huokoa gharama ya kubadilisha kifaa. Uliza kabla ya kulipa: betri ikiisha inabadilishwa, au unanunua kichwa kizima? Na ijaribiwe tanki likiwa limesharudishwa mahali pake, kwa sababu chuma cha chesisi hukata mawimbi.

3. Ya mawimbi ya sauti, inayobandikwa chini ya tanki

Haitoboi kitu, na hapo ndipo sifa zake zinapoishia kwa barabara zetu. Inahitaji chuma kilichokwanguliwa rangi, jeli isiyo na hewa na sehemu isiyopigwa na mawe. Gundi ikilegea, usomaji unapotea. Tungeiweka kwenye lori la barabara za lami, si gari la Serengeti.

4. Kuunga waya kwenye floti ya geji iliyopo

Ni rahisi kuliko zote, na ndiyo inayouzwa zaidi. Floti ni rezista inayobadilika. Kwa Toyota nyingi za zamani huwa karibu ohm 3 tanki likijaa na karibu 110 likiwa tupu. GPS husoma volti kwenye waya huo. Shida ya kwanza: injini ikiwaka, volti za gari hupanda kutoka 12.4 hivi hadi 14, na "mafuta" nayo yanabadilika bila dizeli kubadilika. Ya pili ndiyo inayoua biashara nzima: gari likizimwa, geji haina umeme. Dizeli hunyonywa usiku, gari limezimwa. Utaona upungufu asubuhi bila kujua saa wala mahali.

Njia ya kusoma kupitia OBD (plagi ya kompyuta ya gari) tumeiacha nje kabisa. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina kompyuta ya kuulizwa.

Kupima lita

Sensa haijui lita, inajua kimo tu. Anza na tanki tupu, gari likiwa sehemu tambarare. Kwa tanki la lita 90 mimina lita 5 kila mara kwa kipimo cha uhakika (si dumu la kukisia), subiri dakika moja itulie, andika namba. Hizo ni hatua 18. Anayekupimia kwa hatua 3 tu amekuuzia nusu ya sensa, kwa sababu matanki haya yana mikunjo na si boksi.

Usiweke tahadhari ya wizi chini ya lita 5. Dizeli hutanuka kwa takriban 0.083% kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo lita 180 za matanki mawili zikipoa nyuzi 20 usiku hupungua kama lita 3. Dereva asishtakiwe kwa baridi ya Ngorongoro. Chagua pia kifaa chenye kumbukumbu ya ndani, maana kwenye maeneo yasiyo na mtandao taarifa hutunzwa na kutumwa baadaye.

Jenereta ya kambi

Hapa namba moja ni sensa ya presha ya 4–20 mA (hutuma kipimo kama mkondo wa umeme), inayozamishwa au kufungwa chini ya tanki. Haisumbuliwi na mtikisiko wa kusafiri, na waya ukikatika mkondo hushuka hadi 0, kwa hiyo huwezi kuchanganya hitilafu na tanki tupu. Kama kisomaji chako kinapokea hadi volti 3.3, tumia rezista ya ohm 150. Utapata volti 0.6 hadi 3.

Sisitiza iwe ile inayopumua kupitia kijibomba ndani ya waya. Iliyozibwa hupima na uzito wa hewa. Kutoka Arusha, mita 1,400 hivi, hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi, presha ya hewa hushuka karibu kPa (kilopaskali) 9, nayo mita moja ya dizeli ni kama kPa 8. Sensa iliyozibwa, ikipimwa mjini na kufungwa kule juu, itakosea kwa zaidi ya mita nzima. Kijibomba hicho kiishie ndani ya boksi kavu, kisizibwe kwa silikoni.

Nyingi hupimwa kwa maji. Dizeli ni nyepesi, kwa hiyo mita moja yake itasomeka karibu sm 83 hadi uweke uzito wake kwenye mipangilio. Na kama tanki ni pipa lililolala, robo ya kimo si robo ya mafuta: ni kama 19.6%. Weka jedwali la kimo na lita, si mstari mnyoofu.

Kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho, toa lita 10 kwenye tanki kwa kipimo, gari au jenereta ikiwa imezimwa, na usubiri skrini. Ikionyesha chini ya 9 au zaidi ya 11, arudie kupima.