Mashine ya bakapu kwa SACCOS yetu Tabora: niliyoaga na niliyochukua

Muuzaji aliyetutembelea ofisini hapa Tabora alikuwa na namba moja mdomoni: ishirini kwa moja. Terabaiti 20 za bakapu, yaani nakala za akiba za data, alisema, zitalala kwenye terabaiti 1 ya diski, maana mashine yake haihifadhi kitu kile kile mara mbili. Meneja wetu, mama mtu mzima aliyeanza kazi enzi za leja, alimsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia mimi: "Mwanangu, seva ikifa Jumatatu asubuhi, wakulima nawaambia warudi saa ngapi?" Muuzaji akafungua slaidi nyingine. Jibu halikuwamo.

Mimi ndiye ninayeshika kompyuta za SACCOS hii. Wanachama wengi ni wakulima wa tumbaku, tuna tawi Urambo, na msimu wa malipo foleni inafika nje chini ya mwembe. Miezi mitatu nimezunguka na mashine hizi za kuondoa marudio, na haya nawaandikia wenzangu wenye ofisi ndogo kama yetu.

Tuanze na ile namba. Kumi kwa moja inaokoa asilimia 90 ya nafasi. Ishirini kwa moja inaokoa 95. Sifa zimeongezeka maradufu, faida imeongezeka kwa asilimia 5 tu ya nafasi yote. Tena namba yenyewe hupandishwa kirahisi: chukua bakapu kamili kila usiku, tunza za siku 30, marudio lazima yawe mengi. Ni kama kumwita mtoto mmoja kwa majina thelathini, kisha ujisifu umeokoa vitanda ishirini na tisa.

Katika wakubwa niliangalia wawili. Data Domain, ambayo EMC iliinunua 2009 na sasa iko chini ya Dell, huondoa marudio data inapoingia, kabla haijagusa diski. Nafasi inatumika vizuri sana, ila siku ya kurejesha lazima vipande ilivyokata data viunganishwe upya, na hilo hula muda. ExaGrid hufanya kinyume: nakala ya karibuni huiweka nzima sehemu yake ya mapokezi, na marudio huondolewa pembeni. Kwa swali la mama, huyu ndiye aliyekaribia. Lakini bei nilizoletewa zilikuwa za benki, si za wakopaji mbolea. Na muuzaji mmoja, simtaji, alikataa kutuachia mashine hata wiki moja tuijaribu kwa data zetu wenyewe. Huyo nilimuaga siku hiyo hiyo.

Nikaishia kwa Proxmox Backup Server, programu ya bure ya Waaustria iliyotoka 2020. Unaipakia kwenye seva yako. Yetu ni mtumba. Hukata data vipande, kila kipande hupewa alama yake, na kipande chenye alama iliyokwisha kuwapo hakitunzwi tena.

Wiki ya kwanza nilitaka kuirudisha kabatini. Kila usiku diski ilikuwa inajaa gigabaiti 11 mpya, wakati miamala ya siku nzima haifiki hata robo ya hapo. Kosa lilikuwa langu. Skripti yangu ya zamani, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, ilitoa nakala ya kanzidata usiku na kuizipu, yaani kuibana iwe ndogo, papo hapo. Faili likishazipiwa, badiliko dogo la mwanzoni linavuruga kila kinachofuata, hivyo la leo halifanani na la jana hata kwa kipande kimoja. Nikatoa ile zipu. Faili likanenepa hadi gigabaiti 38, nikaona aibu kidogo kulitazama, lakini asubuhi yake diski ilikuwa imeongezeka chini ya gigabaiti 1. Programu hukata faili kwa kufuata yaliyomo, kwa hiyo mstari ukiingia juu, vipande vya chini havitikisiki, na kubana hufanyika kipande kwa kipande baada ya kukata. Wanaofunga data kwa siri kwa programu nyingine kabla haijakatwa vipande watapata maumivu yale yale. Picha za vitambulisho na fomu zilizoskaniwa nazo hazipungui siku ya kwanza, ila kesho yake hazirudiwi.

Faida kubwa sikuiona kwenye diski. Niliiona kwenye laini ya Urambo. Mashine ya pili tuliiweka kwanza Tabora pembeni ya mwenzake, ikanakili kila kitu kwa waya wa ofisi, kisha tukaipakia kwenye Noah na godoro chini yake. Tangu hapo vinavyosafiri usiku ni vipande vipya tu, na intaneti yetu ile ile inayogugumia inavimudu. Urambo ndiyo inayokuja kuchukua; mashine ya Tabora haina nywila ya kule, hivyo mhuni akiingia makao makuu na kufunga mafaili adai fedha, hana mkono wa kufika kwa mwenzake.

Usikwepe gharama ya diski za SSD, zile zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Vipande vimetawanyika kila kona, na diski za kuzunguka hutafuta mpaka zinachoka: kurejesha seva yetu ya gigabaiti 180 kulichukua saa 1 na dakika 50. Na ukifuta nakala za zamani usishangae nafasi isiporudi. Kufuta ni kazi moja, kufagia vipande visivyo na mwenyewe ni nyingine, na kwa mpangilio wake wa kawaida ufagio hauokoti kipande kilichoguswa ndani ya saa kama 24 zilizopita. Nilipoteza Jumamosi nzima nikifuta na kutazama asilimia iliyogoma kushuka.

Baada ya kununua SSD nilimwita mama. Nikazima seva mbele yake, naye akawasha saa ya simu na kuvuta kiti. Dakika ya 34 mfumo ukafunguka. Hakupiga makofi. Alitaja namba ya mwanachama mmoja wa Urambo aliyekuja kulipa jana jioni, nikamfungulia, akavaa miwani na kusoma salio kwa sauti.

"Basi nitawaambia wanywe chai kwanza," akasema, akarudi ofisini kwake.