Content Credentials ya kukagua picha za AI: nzuri, ila soma hapa kwanza kabla hujaitumia

Wadau hii ni ya wale ambao kila siku wanatumiwa picha kwenye grupu na kuulizwa "eti hii ya kweli au AI?". Kuna saiti inaitwa contentcredentials.org, unaingia sehemu ya Verify, unapandisha picha au video inakusomea imetoka wapi. Ni bure na haikusumbui na mambo ya kujisajili. Nimekuwa nayo muda sasa, ngoja niseme ilivyo maana naona watu wanaisifia bila kujua inafanya kazi gani hasa.

Hii kitu haikisii kwa kuitazama picha. Haihesabu vidole wala haijali kivuli kimekaa vipi. Inatafuta risiti iliyofungwa ndani ya faili (ndo hiyo Content Credentials), ambayo kamera au programu iliyotengeneza picha inaiandika na kuitia sahihi ya kidijitali, mtu akija kuichokonoa picha kienyeji baadae sahihi inakataa. Utaratibu wenyewe unaitwa C2PA, ulianzishwa 2021 na kina Adobe, Microsoft, Intel, BBC na wenzao, baadae Google na OpenAI wenye ChatGPT nao wakaingia. Ndo maana picha ya ChatGPT ukiipakua ukaipeleka pale moja kwa moja inakujibu hapohapo kwamba imetoka OpenAI na ni kazi ya AI. Firefly, AI ya Adobe ya kutengeneza picha, hivyohivyo. Na kama mtu kaunganisha picha Photoshop akiwa ameiwasha hiyo huduma ya Content Credentials, unaonyeshwa hadi zile picha za mwanzo moja moja, aisee hapo walinikuna, kwa mtu wa gazeti au anayenunua kazi za wapiga picha sehemu hiyo peke yake inatosha.

Sasa tuje huku kwetu. Picha zetu zinatoka wapi? WhatsApp. Na WhatsApp ukituma picha kama picha inaibana na kufuta taarifa za ndani, risiti ndo imeenda hivyo. Skrinishoti usiseme. Kwahiyo ile picha iliyoforwadiwa mpaka imechoka ukiipandisha unaambiwa haina Content Credentials, basi, na kuna watu wakishaona jibu hilo wanarudi kwenye grupu kifua mbele "nimekagua, ni ya kweli". Hapana jamani! Imekuambia haijakuta kitu, na picha za simu nyingi za kawaida tunazotumia zitakupa jibu hilohilo hata kama umempiga picha mama yako jikoni. Kama unamjua aliyeitengeneza mwambie akutumie faili la mwanzo kama dokumenti, likija hivyo haliguswi.

Kwa mizigo ya WhatsApp mimi naenda Gemini, ile AI ya Google. Google wana alama yao ya kuziwekea picha za AI inaitwa SynthID, walianza nayo 2023, imefichwa kwenye pikseli zenyewe kwahiyo picha ikibanwa au ikakatwa pembeni mara nyingi bado inasomeka. Tangu Novemba 2025 unaweka picha kwenye apu ya Gemini unamuuliza tu kama imetengenezwa na AI ya Google. Kasoro yake hazijui picha za AI zote, ukimpa isiyo na alama hiyo anaweza kuanza kukukisia kwa macho, hapo usimsikilize. Zile saiti zingine za kukupa asilimia eti "AI 90%" bila kukueleza wamezipataje mimi nilishaachana nazo.

Na sahihi nayo sio ya kuiamini kufa. Septemba 2025 Nikon walisimamisha huduma yao ya kusaini picha na kufuta vyeti vya sahihi hizo baada ya mtu kugundua kwamba kamera yao ya Z6III inadanganyika, unatumia ule mtindo wa kupiga picha juu ya picha, ile isiyo na sahihi inapita katikati na kamera inaisaini kama yake. Kamera ya hela ndefu vile!

Mengine madogo madogo ya hii saiti ya Verify: hakuna Kiswahili, na kwenye simu ule mchoro wa kuonyesha picha zilizounganishwa unabanana mpaka unachosha, bora kompyuta. Naipa nyota tatu kwa tano. Ukiwa dizaina au uko chumba cha habari iongezee ya nne, ukiwa admin wa grupu la ukoo anza na Gemini kwanza.