Miezi minane na soksi za kubana: vena zangu na kazi ya kusimama

Nafundisha sayansi shule ya msingi hapa Tanga, huu ni mwaka wa 21, na kutwa nzima niko wima mbele ya ubao. Soksi ninazozieleza hapa ni zile za kubana, zinazoishia chini ya goti, zilizo wazi vidoleni, zenye nguvu ya milimita 20 hadi 30 za zebaki, kipimo kilekile cha presha. Nina jozi mbili ninazozivaa kwa zamu. Kabla ya hizo nilinunua jozi nyingine iliyoniumiza, nayo nitaisema, maana kosa lile nimeshaliona kwa walimu wenzangu wawili.

Mguu wa kushoto ulianza kunisumbua baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Mwanzoni ilikuwa mistari ya buluu nyuma ya goti, kisha mshipa mmoja ukatuna upande wa ndani wa shavu la mguu, umejipindapinda kama mzizi wa mkoko. Asubuhi haukusumbua. Ikifika saa tisa alasiri mguu ulikuwa mzito, ngozi ya juu ya kifundo inawasha, mkanda wa kiatu umechora shimo. Nilichukua utepe wangu wa kushonea nikawa napima: kifundo asubuhi sentimita 23, jioni 25 na nusu.

Daktari aliniandikia ultrasaundi ya Dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyokwenda ndani ya mshipa. Mpimaji alinisimamisha, akanipaka jeli ya baridi, akaweka kifaa kwenye kinena, na kwa mkono wa pili akalibana shavu la mguu. Damu ikapanda kwenye skrini kwa rangi ya buluu. Alipoachia, ikageuka nyekundu. "Unaona, mwalimu? Hapo inarudi chini," akaniambia. Vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni, na ndani yake mna vali, vilango vinavyoizuia damu isirudi chini. Damu ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde katika vena za juujuu, inahesabiwa kwamba vali zimeshindwa kazi. Ile yangu ilirudi zaidi ya sekunde mbili, na mimi nikiitazama. Vena yenyewe ni safena kubwa, ndefu kuliko vena zote za mwili. Inaanzia mbele ya kifundo cha ndani, inapanda upande wa ndani wa mguu na wa paja mpaka kinenani, na hapo inajimwaga kwenye vena kubwa ya ndani ya paja.

Miaka yote hiyo nimechora mishipa ya damu ubaoni: ateri, inayotoa damu moyoni, ukuta mnene, vena ukuta mwembamba, kapilari ukuta wa seli moja tu. Watoto wanakariri, wanafaulu. Lakini sikuwahi kukaa nikafikiria ukuta mwembamba una maana gani kwa mtu anayesimama kwa muda wa saa saba. Ateri na vena zote zina matabaka matatu: utando laini wa ndani unaogusana na damu, misuli katikati, na tishu imara ya nje. Tofauti kubwa iko pale katikati. Ateri ina misuli mingi na nyuzi zinazonyumbuka, kwa hiyo inahimili kila pigo la moyo na kurudi umbo lake. Vena ina misuli michache, inatanuka kwa urahisi, na ndiyo maana mtu akiwa ametulia asilimia 60 hadi 70 ya damu yake imo kwenye vena. Ni ghala la damu. Shida ni kwamba vali ya vena ni vipande viwili tu vya utando vinavyokutana katikati. Ukuta ukitanuka kupita kiasi, vipande vile havifikiani tena. Damu inapenya, inailemea vali iliyo chini yake, nayo inalegea. Mshipa unaouona umetuna nje ni mwisho wa safari hiyo.

Ukitaka kuziona vali kwa macho yako, fanya ninavyofanya na darasa la sita. Funga kitambaa juu ya kiwiko, kisikaze sana, mpaka vena za mkono zisimame. Bonyeza vena moja kwa kidole, kisha kwa kidole cha pili isukume damu kuelekea kiwikoni mpaka upite kijivimbe kidogo, uachie kidole hicho cha pili. Kipande cha katikati kinabaki kitupu. Damu iliyo juu haithubutu kurudi, kwa sababu kile kijivimbe ni vali. Achia kidole cha kwanza, vena inajaa hapohapo kutoka chini. Mwaka 1628 tabibu Mwingereza William Harvey alitumia jaribio kama hili kuonyesha kwamba damu ya vena inaelekea moyoni na hairudi. Watoto hushangilia kila mara, na sasa huwa nawaonyesha pia mguu wangu.

Nikirudi kwenye soksi. Ukisimama bila kutembea, shinikizo ndani ya vena za kifundo hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki, yaani uzito wa nguzo yote ya damu kutoka moyoni hadi chini. Ukitembea, misuli ya shavu la mguu inakamua vena za ndani, na kama vali ni nzima shinikizo linashuka hadi chini ya 30. Kwa hiyo anayetembea kilomita nyingi anaweza kuwa na nafuu kuliko mimi niliyesimama kwenye hatua tatu za ubao.

Kuna jambo nililijua mwilini kabla sijalielewa. Jumapili tukienda Raskazone nikasimama baharini maji yakiwa kiunoni, mguu ulikuwa ukipoa kabisa, uzito wote unaondoka. Nilidhani ni ubaridi wa maji. Baadaye nikasoma habari za mhandisi Conrad Jobst wa Toledo, Marekani, aliyekuwa na vena mbovu za miguu na akaona nafuu ileile akiwa ndani ya bwawa la kuogelea. Maji yanabana zaidi kadiri unavyokwenda chini: kwenye kina cha mita moja yanabana kwa zaidi ya milimita 70 za zebaki. Kutokana na hilo, miaka ya 1950, zikaja soksi zinazobana zaidi kifundoni na kulegea kidogokidogo kuelekea juu. Nguvu inayoandikwa kwenye boksi ni ile ya kifundoni.

Sasa jozi ya kwanza. Muuzaji aliniuliza navaa kiatu namba ngapi, akanipa soksi. Hakuna utepe, hakuna swali lingine. Kifundoni zilipwaya, chini ya goti zikakaba kama kamba, na jioni mguu ulikuwa umevimba kuliko siku nisizovaa kitu. Zilikuwa zimefunga njia ya juu na kuacha ya chini wazi. Namba ya kiatu haisemi lolote kuhusu unene wa kifundo.

Jozi za pili nilizipata kwa dada mmoja anayeuza vifaa tiba. "Njoo kesho asubuhi, mama, kabla mguu haujavimba," akaniambia, akanirudisha nyumbani bila kuniuzia kitu. Kesho yake alipima kifundo mahali pembamba kabisa, shavu la mguu mahali panene kabisa, na urefu kutoka sakafuni hadi chini ya goti, akalinganisha na jedwali la boksi. Shilingi 70,000 kwa jozi, na naona zilistahili. Wiki ya pili kipimo cha jioni kilikuwa 23 na nusu. Kukaza misuli usiku kumekuwa kwa nadra.

Kuvaa ni kazi ya kujifunza. Navaa kabla ya kushuka kitandani. Nageuza soksi nje ndani mpaka kisigino, naingiza mguu, kisha napandisha kidogokidogo kwa viganja, nimevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Bila glavu unaivuta kwa kucha na kuitoboa. Usikunje ukingo wa juu hata kidogo, maana hapo unatengeneza tena ile kamba. Joto la Februari ni mtihani kweli, ndiyo sababu nilichagua za wazi vidoleni. Nafua kwa mkono na sabuni laini, sikamui, naanika kivulini.

Kabla ya kununua, mwombe nesi au daktari aangalie ateri zako. Mimi nilipimwa presha ya kifundoni ikalinganishwa na ya mkononi, zikawa sawa. Ateri za mguu zikiwa zimeziba, presha yake huwa ndogo, na soksi inaweza kukata damu inayoshuka kulisha mguu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijivalishe mwenyewe bila ushauri. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hapo nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza kuwa damu imeganda kwenye vena ya ndani.

Mshipa wangu bado upo, haujanyooka. Soksi haiponyi vali. Inausaidia ukuta uliolegea kwa muda ule tu umeivaa, na nikiiacha siku mbili uzito unarudi.

Mwezi wa saba niliona zinapanda mguuni kirahisi, hata glavu sikuzihitaji. Nikadhani mkono umezoea. Jioni nikapima kifundo: 24 na nusu. Nilikuwa nimeambiwa nguvu yake hukaa kama miezi sita, nami nikaivuta mbele kwa kubana matumizi. Juzi nimerudi kwa yule dada, asubuhi, na akatoa utepe akanipima upya kabla ya kufungua boksi.