Bento ilikoma, rejista ya gomesi zangu ikahamia wapi?

Mimi nakodisha gomesi, yaani vazi refu la kike la Kiganda, na kanzu za kwanjula, sherehe ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, hapa Kibuli, Kampala. Desemba ikifika nguo zinatoka Ijumaa na kurudi Jumatatu, nyingine na madoa ya mchuzi, nyingine mpaka nipande boda boda kuzifuata. Rejista yote ilikuwa ndani ya Bento, programu ndogo ya hifadhidata ambayo kaka yangu aliniwekea kwenye Mac mwaka 2011. Nilikuwa naona picha ya gomesi, chini yake jina la mteja, amana aliyoacha na siku ya kurudisha. Sijapata tena kitu rahisi kama kile.

Bento ilitolewa mwaka 2008 na FileMaker, kampuni tanzu ya Apple, na tarehe 30 Septemba 2013 ikaacha kuuzwa. Sikujali. Maadamu inafunguka, shida iko wapi? Nikaenda nayo miaka mingi, hadi Mac ile ilipoanza kujizimia katikati ya kazi. Na kununua Mac mpya kusingenisaidia, kwa kuwa tangu macOS Catalina ya 2019 programu za zamani za biti 32 hazifunguki tena.

Kutafuta mbadala hakukunisumbua sana. Kazi ilikuwa kuhama. Data inatoka kwa CSV, yaani maandishi matupu, kwa hiyo picha zote za nguo zilibaki nyuma. Nikafungua faili kwa Excel, na sifuri za mbele za namba za simu zikawa zimeliwa: 0772 imekuwa 772. (Dawa yake ni kuiambia Excel mapema kwamba safu ile ni maandishi, si hesabu. Nilijua baadaye.) Kubwa zaidi, nilikuwa na majedwali matatu, Wateja, Nguo na Maazimo (nani kaazima nguo ipi), yaliyofungamana. Yakitoka yanakuwa mafaili matatu yasiyojuana: unaona gomesi ya zambarau ilitoka, hujui nani kaichukua. Ilinibidi kurudi ndani ya Bento, nikaipa kila nguo namba, G-001 na kuendelea, nikaishona kwenye ukosi, kisha nikaiandika kwenye kila azimo. Kila mteja naye nikampa yake. Ramadhani nzima, baada ya tarawehe, kazi ilikuwa hiyo.

Ndipo nikaanza kuchagua. LibreOffice Base ni ya bure na haihitaji intaneti, ila fomu unazijenga mwenyewe, na injini yake ya ndani ya HSQLDB inataka Java, programu nyingine ya kuweka kwenye kompyuta. Mpwa wangu aliiangalia siku mbili akasema, "Hajati, hii ni ya fundi." FileMaker Pro ni ya ofisi kubwa. Tap Forms niliipenda, lakini ni ya Mac, iPhone na iPad, nasi dukani tuna simu za Android.

Airtable ndiyo iliyokaribia kunishika, maana ni nzuri machoni. Mpango wake wa bure unaishia rekodi 1,000 kwa besi (hifadhidata) moja, nami nilishapita hapo. Tena inaishi mtandaoni. Nilikumbuka Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia jioni ya kabla ya uchaguzi, siku karibu tano. Kwanjula haingoji intaneti.

Kuna nyingine sitaitaja. Iliimeza CSV yangu bila kulalamika, kisha nikakuta mteja mmoja amekuwa watatu. Tangu siku hiyo kila programu naijaribu hivi: naingiza rekodi ishirini, naziunganisha, halafu nazitoa tena na kuzilinganisha na za mwanzo. Isiyonirudishia vyangu vikiwa vizima, hata iwe na rangi za tausi, siitaki.

Iliyofaulu jaribio hilo ni Memento Database. Inakaa ndani ya simu, inasoma CSV, inaunganisha azimo na nguo na mteja, na ina toleo la kompyuta pia. Kwenye simu, kupitia maazimo ya mwezi mzima ni kukodoa macho, hivyo hesabu nafanya kwenye kompyuta. Kila Jumapili natoa CSV na kuiweka kwenye flashi.

Juzi umeme umekatika, mama mmoja akaja akishikilia kwamba gomesi alisharudisha, anataka amana yake. Mpwa akagusa simu: G-041, iko Mukono, siku ya kumi na moja. Mama akacheka, akatoa simu ampigie dada yake.

Picha ndizo zimebaki. Kila nguo ikirudi naipiga upya kabla haijaenda kufuliwa. Sasa bado sitini na kitu, na mbili kati ya hizo najua hazirudi.