Kabla Hujanunua Sega la Paneli za Faiba, Kagua Utando Wake

Mwaka jana nilijitengenezea kifuniko cha dirisha la tela ninalouzia juisi, chenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2. Nilitaka kiwe chepesi kiasi cha kuniwezesha kukiinua peke yangu alfajiri. Kwa hesabu zangu kingekuwa na kilo 10 hivi, wakati plaiwudi ya milimita 18 ya ukubwa huohuo ingekaribia kilo 26. Nilinunua sega la plastiki, yaani bamba jepesi lenye matundu kama ya sega la nyuki ambalo huwekwa katikati ya ngozi mbili za faiba, kwa muuzaji wa mtandaoni aliyekuwa na bei ya chini kuliko wote, nikalipaka resini (gundi ya maji inayoganda na kuwa ngumu) na kulivika faiba pande zote mbili, na kilipokauka mizani ikasoma kilo 17. Wiki ya tatu ngozi ya juu ilianza kubanduka pembeni, na niliivuta kwa vidole kama mtu anayemenya ndizi.

Tangu siku hiyo wasomaji watatu wameniandikia wakilalamikia jambo lilelile, nami nimeona ni heri niseme wazi ninachokitazama sasa ninaponunua sega. Sitazungumzia upana wa matundu wala nguvu ya kuhimili mgandamizo, kwa sababu takwimu hizo zimo katika karatasi ya kila mtengenezaji, na kwa kazi za nyumbani karibu zote zinatosha. Sitaeleza kwa kirefu pia kwa nini paneli ya namna hii huwa ngumu. Inatosha kujua kwamba ukichukua bamba la unene fulani, ukalipasua katikati ya unene wake, ukaweka sega kati ya nusu hizo mpaka unene wote uwe mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka karibu mara 7 huku uzito ukiongezeka kwa asilimia 3 tu. Faida hiyo yote, hata hivyo, hupotea pale ambapo ngozi haikushikamana na sega.

Hapo ndipo penye kasoro ambayo wauzaji hawaitaji. Sega la kawaida la kazi zetu hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki ileile ya ndoo na viti vya bustani, na mtu yeyote aliyewahi kujaribu kuunganisha ndoo iliyopasuka kwa gundi anajua kwamba plastiki hiyo haishiki kitu. Resini ya poliesta haiishiki, na epoksi, aina nyingine ya resini, nayo haiishiki, hata uisugue kwa msasa namna gani. Kwa hiyo watengenezaji makini huyeyushia juu ya kila uso wa sega kitambaa chembamba kisichofumwa cha poliesta, ambacho hunywa resini na kuwa kiungo kati ya plastiki na faiba. Chini ya kitambaa hicho huweka tabaka jingine, utando mwembamba wa plastiki unaofunga midomo ya matundu ili resini isitiririkie ndani.

Sega langu la kwanza halikuwa na kitambaa wala utando. Nilipopaka resini ilizama, faiba juu ikabaki kavu na nyeupe, nami kwa ujinga nikaongeza resini nyingine, nayo ikazama. Fanya hesabu hii mwenyewe: resini ikiingia milimita moja tu ndani ya matundu, katika mita moja ya mraba imekwenda karibu lita nzima, yaani kilo 1.1 hivi, pande mbili ni kilo 2.2. Sega lenyewe la unene wa milimita 20, lenye uzani wa kilo 80 kwa mita ya ujazo, lina kilo 1.6 tu kwa mita ya mraba. Umenunua kitu chepesi kwa bei ya juu, kisha ukakijaza resini yenye uzito kukizidi. Wanaovuta resini kwa pampu ya vakyumu wako hatarini zaidi, kwa sababu pasipo utando matundu hayo yanaweza kujaa kabisa, na kujaza milimita 20 ni karibu lita 20 kwa mita ya mraba.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba picha haisaidii. Kitambaa kikiwa juu, sega lenye utando na lisilo na utando hufanana kabisa, na neno “lenye kitambaa” hutumika kwa yote mawili. Mwombe muuzaji akutumie kipande cha ukubwa wa kiganja, ukiweke mdomoni upulize: pumzi ikitokea upande wa pili, hakuna utando. Kisha jaribu kukibandua kitambaa kwa ukucha kuanzia kwenye kona. Kikitoka chote kwa wepesi bila kuacha nyuzi juu ya plastiki, hakikuyeyushiwa vizuri na kitatoka vivyo hivyo siku paneli itakapopata jua. Muuzaji anayekataa kutuma kipande cha ukubwa wa kiganja amekwisha kukujibu.

Kwa kigezo hicho kimoja, ninaiweka Nida-Core ya aina ya H8PP katika nafasi ya kwanza, na sifichi kwamba ninaipendelea. Matundu yake ni ya milimita 8, uzani wake ni kilo 80 kwa mita ya ujazo, na kitambaa pamoja na utando huja vikiwa vimeshikamana na sega tangu kiwandani. Kifuniko changu cha pili nilikitengeneza kwa sega hilo, kila uso ukiwa na tabaka mbili za faiba iliyofumwa ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nacho kina kilo 10 na nusu; hiyo nusu ni rangi na kufuli. Nafasi ya pili ni ya Plascore ya Zeeland, Michigan, ambayo sega lake ni zuri vilevile, lakini huuzwa likiwa tupu au likiwa limevikwa, hivyo aina unayoitaka lazima iandikwe katika oda yenyewe. Usiliache jambo hilo kwenye mazungumzo ya simu.

Nomex ni suala la watu wengine. Ni karatasi ya aramidi iliyochovywa katika resini ya fenoli, nayo hutumika katika sakafu na kuta za ndani za ndege. Bei yake ni mara kadhaa ya polipropilini. Huko sega tupu si kasoro, kwa kuwa ngozi hubandikwa kwa gundi iliyo katika umbo la utando mwembamba, inayookwa kwa joto, kazi ambayo sisi wenye brashi na rola hatuna tanuri yake. Sega la alumini ninaliweka chini zaidi kwa anayeishi karibu na bahari, maana maji ya chumvi yakipenya ukingoni, kuta zake nyembamba huliwa upesi.

Kuhusu vya bei rahisi nitasema machache. Sega la karatasi linalopatikana ndani ya milango ya flashi, ile bapa yenye uwazi ndani, linafaa kwa rafu ya chumbani na halifai mahali popote penye maji. Thermokoli, lile povu jeupe la kufungashia vifaa, nayo huyeyuka mara tu inapoguswa na resini ya poliesta, kwa hiyo utalazimika kununua epoksi, na akiba yako itaishia huko.

Kwa sega lenye kitambaa, resini ya poliesta inatosha, mradi usichanganye vifaa visivyopatana. Mati ya nyuzi zilizokatwa hushikiliwa na gundi ambayo kwa kawaida huyeyushwa na staireni, kemikali ya majimaji iliyomo katika resini ya poliesta; ukiitumia pamoja na epoksi hubaki ngumu na haikai vizuri. Mwenye epoksi anunue faiba iliyofumwa. Paneli itakayokaa juani ipakwe rangi nyeupe, kwa sababu polipropilini hulegea kwa joto, na rangi nyeusi kwenye jua la mchana la Dar es Salaam hulipika sega ndani ya ngozi yake.

Sasa nije kwenye gharama, ambayo ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hulinganisha uzito halisi na ukubwa wa mzigo, kisha hutoza kilicho kikubwa zaidi: urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa na kugawanywa kwa 5,000. Bamba moja la mita 1.2 kwa 2.4 lenye unene wa milimita 20 lina kilo 4.6, lakini kwa hesabu hiyo huhesabiwa kuwa kilo 11.5. Zaidi ya nusu ya unacholipia ni hewa iliyomo ndani ya matundu. Mzigo ukifika, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya thamani inayojumuisha nauli, kwa hiyo hewa ileile hutozwa kodi pia. Wauzaji wengi wa mtandaoni huandika bei ya bamba kwa herufi kubwa na kuificha nauli mpaka ukurasa wa mwisho, na yule wa kwanza aliyeniuzia sega tupu alikataa kulirudisha kwa hoja kwamba nimekwisha kulikata.

Kwa meli mambo ni afadhali, ila mizigo ya kuchangia kontena mara nyingi hutozwa kwa mita ya ujazo, na kiwango cha chini huwa mita moja nzima hata mzigo wako ukiwa mdogo. Mita hiyo huingiza mabamba 17 ya ukubwa nilioutaja. Mimi nilihitaji mawili, nikatafuta fundi wa boti aliyetaka tisa na jirani anayejenga nyumba ndogo ya kupigia kambi nyuma ya pikapu aliyetaka sita, tukaagiza pamoja kwa oda moja, na katika mstari wa kwanza wa oda hiyo tuliandika kwamba kila bamba liwe na kitambaa na utando pande zote mbili.