Kulala kwa mkulima wa mpunga, Bantul, kisiwa cha Java: nyota nne kati ya tano

Swali la kwanza wanachama wa chama chetu cha Ahero, karibu na Kisumu, Kenya, waliloniuliza niliporudi lilikuwa la pesa, basi nianze nalo. Chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni ni rupia 250,000 kwa usiku kwa kila mtu, yaani kama shilingi 2,000 za Kenya. Kwa bei hiyo Kisumu unapata chumba safi pande za Kondele, chai, mandazi, na kelele za matatu bila malipo ya ziada. Bantul, kusini mwa jiji la Yogyakarta, unapata godoro gumu, wali asubuhi na wali jioni, na familia ya wakulima inayokujibu kila unalouliza, hata lile ambalo kwetu mtu angekasirika kuulizwa. Mimi ningelipa tena. Dada yangu tuliyelala naye chumba kimoja hangelipa, na sababu zake nitazitaja.

Kilichotupeleka ni mahafali ya binti yangu, aliyesomea huko kwa ufadhili wa serikali ya Indonesia. Wazazi wengi hulala mjini. Lakini mimi nimelima mpunga kwenye skimu ya Ahero tangu nikiwa bado darasani na chaki mkononi, na sikuona maana ya kuvuka bahari nzima niishie kutazama maduka.

Tuanze na malazi, maana ndiyo yanayouzwa. Chumba ni kidogo, kina feni, neti na dirisha linaloangalia banda la mbuzi. Nyumba ni ya matofali, ilijengwa upya baada ya tetemeko la Mei 27, 2006, ambalo liliua watu zaidi ya 5,700, wengi wao wa Bantul hiyohiyo. Tangazo lilisema bafu ni la wageni peke yao. Si kweli, ni la familia nzima. Halina bomba la mvua. Kuna birika la saruji lililojaa maji baridi na kopo la plastiki lenye mpini, unachota na kujimwagia. Choo ni cha kuchuchumaa. Dada yangu ana magoti mabaya na hapo ndipo nyota yake ya kwanza ilipoanguka. Ya pili ilianguka alfajiri, kwa sababu kipaza sauti cha msikiti kiko nyumba ya tatu. Ya tatu ni ya chakula: watu wa Yogyakarta wanapenda sukari. Fenesi bichi linapikwa kwa saa nyingi na tui la nazi na sukari ya mnazi hadi linakuwa kahawia, ndiyo gudeg yenyewe, na hata tempe, ile soya iliyochachushwa ikashikana kama jibini, wakati mwingine inakuja tamu. Mimi niliizoea. Dada aliomba chumvi kila mlo hadi wakaacha kuiondoa mezani. Unga wa ugali hakuna, usiulize.

Sasa kuhusu kile ambacho tangazo halikukitaja kabisa, na ndicho kilichonifanya nitoe nyota nne.

Mbele ya nyumba ya matofali limesimama baraza la wazi la mbao za msaji, lenye nguzo nne kubwa katikati na paa lililopanda juu kama mlima mdogo. Tetemeko lilipoangusha kuta za matofali, hilo halikudondoka. Mama mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Bu kama anavyoitwa na kila mtu, alinishika mkono akaniwekea vidole kwenye kiungo cha nguzo na boriti. Hakuna msumari. Mbao zimechongwa zikaingiana na kufungwa kwa kabari ya mti. Babu yake alilinunua baraza hilo kijiji kingine, likafunguliwa vipandevipande, likaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe na kuunganishwa tena. Kwa hiyo nyumba huko ni mali inayoweza kuhama: unaweza kuuza nyumba ukabaki na kiwanja. Wachuuzi kutoka mjini hupita wakitaka majengo kama hayo kwa ajili ya hoteli na mikahawa, na majirani wawili wamekwisha kuuza ya kwao. Yeye bado.

Shamba lao la mpunga ni mita za mraba 2,000. Niliposoma nambari hiyo kwenye mkutano wa chama watu walicheka, maana ni nusu ekari. Kicheko kilipungua nilipotoa hesabu nyingine. Java nzima haifiki hata robo ya Kenya kwa ukubwa, na sensa ya 2020 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 151. Sisi sensa ya 2019 ilitukuta milioni 47 na ushei. Mwaka 1960 serikali yao iliandika kwenye sheria kwamba kila familia ya wakulima ilenge kuwa na angalau hekta mbili. Bu hajawahi kumjua jirani mwenye hekta mbili. Wenye chini ya nusu hekta wana jina lao rasmi, petani gurem, na takwimu za serikali huwahesabu kwa jina hilo.

Wanaishije? Kwanza, maji yao yanateremka yenyewe kwa mitaro kutoka upande wa mlima Merapi, hayasukumwi kwa pampu kama yetu ya Mto Nyando, hivyo wanavuna mpunga mara mbili kwa mwaka na kupanda karanga, soya au mahindi mara ya tatu. Pili, kiwanja cha nyumbani hakina hata hatua moja ya bure. Nyuma ya jiko nilikuta minazi, fenesi, ndizi, mihogo, tangawizi, pilipili, kuku chini, na juu yao kunde zimetambaa kwenye uzio. Sisi tunafyeka na kufagia uwanja mpaka udongo ung'ae, tunaita usafi. Tatu, mume wake, Pak, ni fundi mwashi mjini siku ambazo shamba halimhitaji. Na ng'ombe wawili walio bandani si wao. Ni wa mwalimu mstaafu wa kijiji cha pili, wao wanalisha na ndama wanagawana. Hilo watu wetu wa tambarare ya Kano, huku Ahero, walilielewa bila maelezo.

Siku moja asubuhi alikuja mnunuzi kwa pikipiki. Akapita kwenye tuta la shamba la jirani, akavunja shuke moja, akasugua punje kwenye kiganja, akazipuliza, akatafuna moja. Kisha akaandika bei kwenye ganda la pakiti ya sigara na kumpa mzee mwenye shamba. Mpunga unauzwa ukiwa bado umesimama, na mnunuzi analeta wavunaji wake. Bu haupendi mtindo huo, kwa sababu zamani akina mama wa kijiji walikaribishwa kuvuna na kila mmoja aliondoka na fungu lake la mpunga. Anayekuja na kikosi chake hahitaji kumwita mtu. Mzee hakubishana. Aliiweka pakiti mfukoni na kusema atajibu jioni.

Nilipouliza shamba ni la nani, Pak alicheka akanionyesha mke wake. Ni la Bu, amerithi kwa mama yake. Walizaliwa wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, na waligawana sawasawa. Kuna familia kijijini hapo zinazofuata mafungu ya Kiislamu, mvulana mawili na msichana moja, na familia nyingine zinakaa chini kupatana, lakini hakuna nilikosikia binti ameambiwa akatafute ardhi kwa mumewe. Nyumba na kiwanja alipewa Bu juu ya fungu lake kwa sababu ndiye aliyebaki kuwauguza wazazi. Kaka yake aliyeko Jakarta ana kipande chake pale pale, Bu analima na mavuno wanagawana nusu kwa nusu. Kilichopatikana ndani ya ndoa ni cha wote wawili hata wakiachana, ila kilichorithiwa kinabaki kwa aliyekileta. Kwa hiyo Pak, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, anaishi kwenye ardhi ya mkewe, katika nyumba ya mkewe.

"Na hawamcheki?" akauliza mama mwenyekiti wetu.

Hawamcheki. Ni kiongozi wa nyumba kumi na kitu za mtaa wao. Kwenye mkutano wetu hapo kulitokea ukimya wa wanaume. Tunayo Sheria ya Urithi inayotumika tangu 1981 na Katiba ya 2010, zote haziwabagui mabinti, lakini mpaka wa shamba unawekwa na wajomba na mzee wa kijiji, wala si na kitabu.

Karatasi zao ziko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Pak alizitandaza juu ya mkeka. Kuna hati ya serikali yenye jalada la kijani, mpya, waliyoipata kijiji kizima kilipopimwa kwa mpango wa kusajili ardhi yote kwa mkupuo. Chini yake kuna karatasi laini ya zamani, iliyotobolewa na wadudu, ya kodi ya ardhi yenye jina la bibi yake Bu. Kwa miongo mingi karatasi kama hiyo pamoja na daftari la ofisi ya kijiji ndizo zilizokuwa ushahidi. Hati mpya imekuja, lakini ile ya bibi hawaitupi. Nilifurahi kuona kwamba hata huko watu huweka vyote viwili.

Si ardhi yote ni ya watu. Kijiji kina mashamba yake, na mkuu wa kijiji na wasaidizi wake hupewa sehemu walime au wakodishe muda wote wanaposhika kazi, kama mshahara. Wakistaafu wengine huachiwa kipande kidogo cha kuwatunza uzeeni. Fikiria chifu wetu akilipwa kwa ekari. Mzee mmoja wa chama alisema hilo lingeleta vita. Mwingine akamwambia vita tayari ipo. Na huko Yogyakarta ipo pia ardhi ya Sultani, inayotambuliwa na sheria ya mwaka 2012, ambayo familia huishi juu yake kwa ruhusa tu. Hapo nilijiona nyumbani, kwa kuwa sisi wa skimu nasi ploti tunalima, hatuna hati yake.

Shemeji yangu, ambaye hakuwa na haja na habari za godoro, aliuliza wafu wao wamelala wapi. Si nyumbani. Kijiji kina makaburi yake ya pamoja, na mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, watu hukutana kuyafagia, kusoma dua na kula pamoja. Walioko Jakarta hurudi. Kwetu kaburi ndiyo hati ya kwanza. Anayetaka kununua ploti kijijini huanza kwa kuhesabu makaburi. Nilimweleza Bu kwamba mume wangu amezikwa hatua chache kutoka mlango wangu, na kwamba kwa sababu hiyo hakuna shemeji wala binamu anayeweza kuniuliza nafanya nini pale. Akafikiri kidogo.

"Na ukitaka kuuza?"

"Siuzi."

"Na mwanao akitaka?"

Binti yangu, aliyekuwa mkalimani, alilitafsiri swali hilo, kisha akaanza kutazama simu yake.

Usalama: mzuri. Kila usiku wanaume hufanya zamu ya doria, na pembeni ya kila mlango kuna kikombe kidogo kilichopigiliwa ukutani. Cha Bu kilikuwa kitako cha chupa ya plastiki. Jioni kila nyumba huweka humo kiganja cha mchele au sarafu ya rupia 500, walinzi wanakusanya wakipita, na fedha zinaingia kwenye mfuko wa mtaa. Kikombe kikiwa kitupu wanajua kuna mgonjwa au kuna ugomvi, na asubuhi mtu anakuja kubisha hodi. Mweka hazina wetu ameshaniomba picha.

Malalamiko yangu mawili. Wakala wa mtandaoni aliyetuunganisha alikata sehemu kubwa ya pesa yetu, na Bu hakujua tulilipa kiasi gani hadi nilipomwonyesha. Na "somo la kupanda mpunga" la rupia 100,000 zaidi huuzwa mwaka mzima, wakati miche haipandwi mwaka mzima. Sisi tulifika mavuno yakianza, tukapewa mundu tukavuna mistari michache, na Bu alikataa kuchukua pesa hiyo.

Nani aende? Mkulima, mtu wa kamati ya ardhi, mjane yeyote, na kijana anayedhani nusu ekari ni ya kujengea tu. Mwenye magoti mabaya alale mjini na aje mchana. Mwanachama mmoja aliuliza kama anaweza kununua kiwanja pale. Hawezi. Sheria yao ya ardhi ya 1960 inampa umiliki kamili raia peke yake, na Pak aliniambia hivyo kabla hata sijauliza. Vitanda ni viwili tu, basi chama kikienda kiulize mapema kama majirani wanapokea wageni. Mlipeni Bu mkononi, kwa rupia taslimu.